Nywele za Kichogo

Kinyozini, 9 Februari

Mdogo wangu Kichogo,

Salamu za nyumba nzima ziko humu, nimezibana vizuri zisipungue njiani. Mama hajambo, isipokuwa goti lake, ambalo siku hizi lina amri kuliko yeye. Shemeji yako hajambo. Mwanao ameng'oka meno ya mbele, na kila akisema "baba mdogo" unatoka upepo mtupu. Anataka kujua kama unaishi ndani ya lifti. Nimemwambia ndiyo, kutwa unapanda na kushuka, na usiku unalala ghorofa itakayokukuta. Ukija utajieleza mwenyewe.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Ukipiga, Mama anaanza kulia kabla hujamaliza shikamoo, nawe unakata. Barua yako angalau itamfikia ikiwa kavu. Anasema nikuulize mambo mawili: unakula? Unalala? Anadai sauti yako siku hizi ni ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Nimemwambia huo ni mtandao, lakini unamjua Mama akishang'ang'ania jambo.

Sasa la kwangu. Ile picha uliyomtumia shemeji yako niliikuza mpaka nikakiona kichwa vizuri. Nywele hizo ni za nani? Tangu uondoke hapa hazijaguswa. Nilipokuuliza ukajibu neno moja tu: "Nangoja." Bwana, nilielewa. Niliwaonyesha wateja wote waliokuwa kwenye benchi. Nikawaambia, huyu mdogo wangu anatengeneza lifti katika mji wenye vinyozi kila kona, wenye viti vya ngozi na taulo za moto, lakini kichwa chake hakishikwi na mtu mpaka arudi kwa kaka yake. Fundi viatu wa jirani akasema yeye ndugu zake hata salamu hawamrudishii. Nilivimba kichwa hadi jioni.

Kazi inaenda. Kiti cha Mzee bado kimefunikwa shuka. Watu wanabanana kwenye benchi na kiti kipo, lakini hilo tuliache. Siku hizi navaa kofia, na Mama ananigombeza niivue nikikaa mezani. Ni baridi tu.

Andika. Usituandikie kama mtu anayepeleka taarifa ofisini.

Kaka yako,
Kinyozi

*

2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na harufu ya poda, au labda nimeitia mwenyewe hiyo harufu. Mpe Mama pole ya goti na umwambie nakula na ninalala. Shemeji msalimie sana. Mwanangu mwambie siishi ndani ya lifti, ila nikiwa na haraka lifti ndiyo huwa haina haraka.

Chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa, na dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine. Kwenye ukuta huo kuna bomba linalovuja, na doa la maji limekua mpaka limefanana na ng'ombe aliyelala. Nimelitazama sana hilo doa. Kazini niko na yule mzee niliyekusimulia, tunamwita Tochi kwa sababu hata mchana anatembea na tochi mkononi. Wenzetu wakienda kula, mimi hupanda chumba cha mashine, juu ya paa. Kule kuna kelele za mota na kamba za chuma tu, hakuna anayeongea na mtu.

Kuhusu nywele, umeelewa vizuri.

Watu hudhani kukwama ndani ya lifti ni balaa. Mimi siku hizi nawaonea wivu kidogo. Mtu akikwama, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi wala mbona hajafika.

Nina hamu ya kusikia mashine yako asubuhi, ile unayoijaribu kabla ya kufungua mlango, ikinguruma hewani bila kichwa. Mzee yeye alikuwa akiikung'uta kwenye kiganja kwanza. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo.

Nimechoka kidogo. Nitaandika tena.

Mdogo wako

*

Kinyozini, 20 Machi

Mdogo wangu Kichogo,

Hatujambo sote. Mama amepata dawa ya kuchua, sasa goti limepoa lakini nyumba nzima inanuka. Mwanao amekubali kwamba huishi ndani ya lifti, ila amesikitika.

Barua yako niliisoma hapa kinyozini kwa sauti, kama ninavyofanya siku zote. Ile ya kuwaonea wivu waliokwama iliwavunja mbavu. Nilikuwa na mteja nimemnyoa ndevu upande mmoja, ikabidi nisimamishe kazi tucheke kwanza. Jioni nikamsomea Mama. Yeye hakucheka. Alisema nirudie pale, nikarudia, akainuka kwenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Sasa nisikilize. Kama mambo ni mazito huko, jikaze. Ugenini ndivyo kulivyo, na Mzee hakutulea kuwa legelege. Usikae sana peke yako na hizo kamba. Nenda kale na wenzako, uwachekeshe, wewe ulikuwa mchekeshaji kuliko mimi.

Nimepata mashine mpya. Ipo ndani ya boksi lake na haitagusa kichwa chochote kabla ya chako. Wateja wote wanajua. Kila anayekaa ananiuliza, "Mwenyewe anakuja lini?" Nawaambia likizo ikitoka. Haya, likizo inatoka lini?

Kaka yako,
Kinyozi

*

Kinyozini, 28 Aprili

Kichogo,

Tuko wazima. Hujajibu. Kwanza nilikasirika, nikajisemea mtu akishaonja mji mkubwa hakumbuki tena nyumbani. Niliibeba hasira hiyo siku nyingi, tena nikaifurahia. Kisha ikaisha, ikabaki hofu peke yake.

Nimepiga simu yako mara nyingi. Jana ikapokelewa, moyo ukaruka, kumbe ni sauti ya mtu mwingine. Ni huyo Tochi wako. Kasema hujaonekana kazini wiki nzima, na simu uliiacha kwenye sanduku la vifaa. Anakuja kukuona kila jioni, na unamfungulia mlango. Kwa hilo la kumfungulia nilishukuru sana. Nikamuuliza unaumwa nini. Akaniuliza, "Wewe ndiye yule kinyozi?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwandikie. Ila usimwandikie ajikaze. Hilo keshajaribu mpaka limemchosha."

Sijui alijuaje kwamba nilikuandikia hivyo. Tangu jana mkono ni mzito, nimemkata mteja mmoja shavuni, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Mama nimemwambia simu yako imeharibika.

Mdogo wangu, kuna nini? Kama nimekuudhi, niambie. Kama ni jambo jingine, niambie vilevile. Hata mstari mmoja.

Kaka yako

*

15 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua hii usiisome kinyozini, wala usimsomee Mama mezani. Isome peke yako. Zile nyingine niliziandika nikisikia benchi zima linanisikiliza.

Siko sawa. Imenichukua muda kuandika maneno hayo mawili. Sina homa, wala siumwi mahali ninapoweza kupashika. Asubuhi macho yanafunguka, halafu mwili unabaki pale pale. Nalitazama lile doa ukutani mpaka jua linaondoka. Chakula nakitafuna kama karatasi. Ukiniandikia kichekesho naona kabisa kwamba kinachekesha, ila hakinifikii.

Kabla sijaacha kwenda kazini, kuna siku nilishuka shimo la lifti, kule chini kabisa, kukagua springi. Nilipomaliza nikakaa sakafuni. Tochi akaniita kutoka juu, nikamsikia, nikakosa nguvu ya kusema "naam". Sikuwa nimekusudia kujidhuru siku hiyo, usishtuke. Sikutaka tu kuitwa. Akaita tena, akazima umeme wa lifti, akashuka ngazi na magoti yake yale, akakaa kando yangu kwenye grisi. Hakuuliza kitu. Baadaye akasema, "Mimi nilipofiwa na mke wangu nilikaa hivi hivi, jikoni kwangu."

Ndipo nikaelewa kwamba bado nimo msibani.

Asubuhi niliyoondoka nyumbani, Mzee ndiye aliyeninyoa. Unakumbuka, wewe ulikuwa unafunga mizigo yangu. Alipofariki mimi nilikuwa juu ya paa nafunga breki, na nilipopata ruhusa mlikuwa mmeshazika, nikabaki huku. Nikaona kichwa hiki kimeshikwa na mkono wake, mtu mwingine akikishika sitabaki na kingine chake. Najua ni ujinga. Nywele alizozishika yeye zilibaki hapo sakafuni kwenu, mkazifagia. Lakini ndivyo nilivyoona. Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya Mzee. Baadaye haikuwa kwa ajili ya mtu yeyote, nilikuwa sioshi, sichani, sioni sababu. Wewe ukaona mapenzi, ukawaonyesha watu, ukafurahi. Sikuwa na moyo wa kukuharibia.

Samahani kwa mashine mpya.

Mdogo wako

*

Kinyozini, 3 Juni

Kichogo wangu,

Leo sina habari za goti. Barua yako niliisoma nyuma ya duka, pale bombani, na ndoo ikajaa ikamwagika nikiwa nimesimama tu. Nililia. Fundi viatu akanikuta, akafunga bomba, akarudi kwake bila neno. Kwa jinsi anavyopenda umbea, hiyo ni heshima kubwa.

Nikuambie ukweli, iliniuma mara mbili. Iliniuma kwamba unaumwa. Halafu iliniuma kwamba si mimi uliyekuwa unaningoja. Nimezunguka na picha ya ugonjwa wako nikiwaringia watu. Na yale ya kujikaza nayafuta yote. Hayo maneno hayakuwa ya Mzee, yalikuwa yangu, nilimsingizia.

Na mimi nina langu. Wateja wa mbali wakija wanamuulizia Mzee. Unajua ninavyowajibu? "Ametoka kidogo, keti nikuhudumie." Mwaka mzima ametoka kidogo. Wapo waliokuja mara ya pili wakaniuliza, "Bado hajarudi?" Nikasema bado. Kiti nimekifunika kwa sababu mtu akikikalia, basi, ndiyo imekwisha.

Ningekwambia panda gari leo uje. Nataka hivyo mpaka mlango ukilia nainua kichwa. Lakini nimeongea na Tochi, anasema karibu na kazini kwenu kuna zahanati yenye mshauri wa watu waliolemewa, na ameshakuombea nafasi. Safari ndefu peke yako katika hali hiyo siitaki. Nenda kwanza kwa huyo mshauri. Nenda na Tochi, akungoje nje.

Maneno yanayofuata yamenikalisha hapa tangu asubuhi. Usiningoje tena. Tafuta kinyozi huko huko, unyolewe. Sisemi kwa ajili ya kupendeza. Kichwa chako kinahitaji mkono wa mtu, na wangu uko mbali. Mpe karatasi niliyoikunja humu ndani, kwa maana si kila mtu anazijua njia za kichwa hicho. Ukitaka isome na wewe, haina siri.

Kaka yako

(Karatasi iliyokunjwa ndani)

Fundi mwenzangu,

Hatujuani. Anayekupa karatasi hii ni mdogo wangu. Utosini nywele zake zinazunguka pande mbili, usishindane nazo. Nyuma kichwa kimetokeza, ndiyo maana tunamwita Kichogo. Usikifiche, kifuate. Nyuma ya sikio la kushoto pana kovu, alianguka kwenye benchi ninaloandikia. Shingo inamtekenya. Anzia nyuma, taratibu, na umgeuze asikitazame kioo mpaka aombe mwenyewe. Usimuulize kwa nini zimekuwa ndefu. Akilia, usisimame, endelea kwa mkono mwepesi. Baba yetu alikuwa akifanya hivyo, na watu walitoka hapa wakitembea vizuri kuliko walivyoingia.

Ni mimi, kinyozi wa mbali

*

24 Juni

Kaka,

Shikamoo. Naanza na Mama: mwambie nakula mkate na yai asubuhi, na safari hii ni kweli. Mengine unaweza kumwambia, ila kwa maneno yako, usimsomee yangu. Mwanangu mwambie lifti moja huku ina kioo ndani, na nilipojiona nilidhani kuna mtu mwingine amepanda, nikasogea kumpisha.

Nilikwenda. Tochi alikaa nje kwenye benchi, na nasikia aliishia kuwatengenezea swichi ya taa bila kuombwa. Mshauri ni mama mtu mzima. Chumba chake ni kidogo, kina feni inayogonga na viti viwili visivyofanana. Nilijiandaa kusema mengi, nikaishia kusema "sijui" kila nikiulizwa. Hakunisukuma. Kisha akaniuliza waziwazi kama nimewahi kutaka kufa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, tena kwa sauti ya kawaida, kama anauliza nimefikaje. Nikamwambia zipo siku, ndiyo. Hakushtuka, hakunikaripia. Alisogeza kiti, akauliza siku hizo huwa niko wapi na nani yuko karibu, na tukakubaliana wazo hilo likija nimpigie nani: yeye, Tochi au wewe. Namba yako nimeibandika mlangoni. Daktari wao amenipa dawa, akaniambia zinachelewa kuonyesha kazi, nisikate tamaa nikaziacha. Narudi kila Jumanne.

Sijapona, Kaka, usiwatangazie watu. Jumanne nikitoka pale naisikia ladha ya chai. Jumatano wakati mwingine narudi kitandani na nguo zangu za kazi.

Karatasi yako iko mfuko wa shati. Kuna kinyozi mtaani hapa, nimepita mbele yake, nikasimama, nikarudi. Alikuwa anaijaribu mashine hewani.

Nina hamu na nyinyi sana. Tena nina swali, usikasirike. Kofia yako ile ni ya nini? Tangu nizaliwe sijawahi kukusikia unaona baridi kichwani.

Mdogo wako

*

Kinyozini, 14 Julai

Kichogo,

Salamu kutoka kwa kila mtu. Mwanao ameota jino moja, limetoka upande kama mtu anayechungulia dirishani.

Mama nimemwambia. Nilitafuta maneno, nikazunguka, nikaanzia kwenye hali ya hewa. Akanikatiza: "Mtoto wangu amelemewa moyoni, nimejua tangu ile barua ya lifti. Nilikuwa nawangoja nyinyi mmalize kunificha." Kisha akataka jina la huyo mshauri ili amwombee. Nikasema silijui. Akasema atamwombea hivyo hivyo, Mungu anaijua hiyo feni inayogonga. Ungekuwa hapa ungecheka.

Juzi akaja mzee mmoja wa mbali, akaniuliza mlangoni, "Fundi mkubwa yupo?" Nikafungua mdomo kusema ametoka kidogo. Nikasema, "Amefariki. Mwaka jana." Neno hilo halikuwa limewahi kutoka kinywani mwangu humu ndani. Mashine ilikuwa inanguruma mkononi, nikaizima. Yule mzee akaingia, akakaa kwenye benchi, na mimi nikakaa kando yake. Akanisimulia jinsi Mzee alivyomnyoa asubuhi ya harusi yake, na walivyokuwa wanatetemeka wote wawili. Hadithi hiyo sikuwa naijua. Sikumnyoa mtu kwa muda mrefu, na hakuna mteja aliyelalamika.

Sasa kofia. Kinyozi ananyolewa na nani, Kichogo? Mimi nilikuwa nanyolewa na Mzee kila Jumapili, hapo kwenye kiti chake. Basi umejua. Nimekufanya wewe maonyesho mbele ya watu, kumbe chini ya kofia tuko sawasawa. Shemeji yako alijitolea na mkasi, nilimkimbia.

Namkumbuka, mdogo wangu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu umelisema wewe kwanza.

Uende kwa huyo kinyozi. Ukishindwa mlangoni, rudi siku nyingine, hakuna anayekufukuza. Natamani ningekuwa ng'ambo ya barabara hiyo nikikuona unaingia.

Kaka yako

*

6 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na salamu kwa wote, na kwa jino linalochungulia.

Nimenyolewa.

Sikukusudia siku hiyo. Nilitoka kwa mshauri, Tochi akasema ana mahali pa kwenda, akaniacha. Nafikiri alidanganya. Nikafika pale kwa kinyozi, hapakuwa na mteja, nikaingia kabla miguu haijabadili mawazo. Ni kijana mdogo kuliko mimi, redio ameifungulia mpaka mwisho. Nikampa karatasi. Akaisoma, akapunguza redio, akaisoma tena. Akauliza, "Huyu kaka yako anapokea wanafunzi?" Kisha akageuza kiti, nikawa natazama kalenda ya mwaka uliopita.

Alianzia nyuma. Nywele zilikuwa zimeshikana, ikabidi azilowanishe na kuzifungua kwa vidole kwanza, bila haraka. Kaka, ukiacha kupeana mikono, sikuwa nimeguswa na mtu tangu niondoke nyumbani. Alipofika kwenye kichogo mkono ukapunguza mwendo, ukakifuata kama ulivyomwagiza, nikajua na wewe upo. Hapo ndipo nilipolia. Hakusimama. Akawa ananipuliza shingoni na kufuta, ananipuliza na kufuta, na shingo ikanitekenya, nikawa nacheka huku nalia. Mtu mmoja aliingia, akatutazama, akatoka.

Nilidhani nitataka kuziokota. Nilimtazama akizifagia zote na sikumzuia. Mzee hakuwemo ndani yake. Amekufa, na nitamkumbuka hata nikiwa nimeoga na kunyolewa.

Kijana ameomba karatasi yako ibaki kwake, ameibandika pembeni ya kioo. Nilipotoka nilisikia upepo kichwani, nikasimama pale nje kwa muda, watu wakinipita. Picha nimemtumia shemeji. Likizo yangu imeandikwa mwezi wa kumi na mbili. Kati ya leo na siku hiyo kuna asubuhi mbaya, najua, na mshauri ananiambia nisizione kama nimerudi nyuma. Zikija nitakupigia, hata kama sina la kusema. Mama akilia, alie tu, sitakata.

Sasa zamu yako.

Mdogo wako,
Kichogo

*

Kinyozini, 25 Agosti

Mdogo wangu Kichogo,

Mama hajambo, goti limerudi kwenye utawala wake. Mwanao ameiona picha yako akasema mimi na wewe tunafanana, nikampa pipi.

Picha nimeikuza. Kijana ana mkono mzuri, nakubali, na kukubali si kawaida yangu. Ameacha kipande kidogo nyuma ya sikio la kushoto, kwenye kovu, nadhani aliogopa kukuumiza. Nimekitazama sana hicho kipande. Usirudi kumwambia. Mashine mpya nimeitoa kwenye boksi, inanyoa watu kama mashine nyingine.

Jumapili nilifunga duka, nikaivuta shuka kwenye kiti cha Mzee. Kitana chake kilikuwa kimenasa kando ya mto wa kiti, na nywele nyeupe mbili tatu, nafikiri zake mwenyewe. Nilikaa na kitana hicho mkononi mpaka nikatosheka. Kisha nikavuka barabara kwenda kwa yule kinyozi wa ng'ambo, ambaye unajua nimemsema vibaya tangu siku aliyofungua. Nikamwambia, chukua mashine yako, njoo kwangu. Alidhani nimeleta ugomvi. Tulipoingia nikakaa kwenye kiti cha Mzee, nikavua kofia mbele yake. Hakucheka. Akasema, "Nilikuwa najiuliza utaivua lini."

Sikuwa na karatasi ya kumpa. Aliyezijua njia za kichwa changu hayupo wa kuniandikia. Nikamwambia kwa mdomo: anzia nyuma, taratibu, na kwenye kioo unigeuze nikiomba.

Nikainamisha kichwa, nikasikia mashine ya mtu mwingine inanguruma ndani ya duka letu, na kitu nilichotamani kuliko vyote ni wewe uwe kwenye benchi, unapiga soga, unangoja zamu yako. Leo wateja wanakikalia kile kiti. Wa kwanza alikaa bila kuuliza, nami nikamfunga kitambaa shingoni, nikaanza kazi.

Mwezi wa kumi na mbili, basi. Nywele zikiota tena usiziweke kwa ajili yangu, zinyoe huko kila zikihitaji. Wewe njoo tu, hata ukija na upara.

Kaka yako,
Kinyozi